Kamera Sirudishi

Tarehe 3 Machi

Mpendwa Kimya,

Hujambo, mwanangu? Mimi sijambo, ila magoti. Miaka thelathini na mbili niliyosimama wodini hayakulalamika hata siku moja. Sasa nimestaafu, nakaa kutwa, ndiyo yameanza kusema. Msalimie mama yako. Nimesikia mdogo wako anang'oka meno, mwambie asiyameze.

Nimefurahi kusikia umemaliza shule na umepata kazi kwenye studio ya picha. Wewe, ambaye mgeni akikuuliza jina unajificha nyuma ya mlango, leo unawapanga watu wazima kwenye kiti! Haya, dunia inazunguka.

Sasa sikiliza. Tarehe ishirini ya mwezi wa nane nasafiri. Wauguzi wastaafu kumi na mmoja tunakwenda ng'ambo wiki mbili. Si semina, si mafunzo, ni likizo, kutembea tu. Nina miaka sitini na ndiyo kwanza napata pasipoti. Picha ya kwanza waliikataa, eti nimecheka.

Nimenunua kamera ndogo, ile ya kuingia mfukoni, maana simu yangu inapiga picha kama mtu aliyefumbua macho ndani ya maji ya sabuni. Lakini kitu kipya sikiamini mpaka kijaribiwe. Wodini hata kipimajoto tulikijaribu kwanza. Kwa hiyo naituma kwako, wewe ndiye fundi. Ijaribu kila namna: ndani, nje, jua kali, mwanga hafifu, kitu kinachokimbia, maandishi madogo, uso wa mtu kwa karibu. Kila picha ipe namba na uandike ulivyoipiga. Kisha zichape unitumie. Kama ina kasoro, niirudishe dukani mapema.

Usinipigie simu. Kwenye simu wewe unanyamaza nami nabaki kuongea peke yangu kama mwendawazimu. Andika. Ukiandika huwa unasema.

Shangazi yako

*

Tarehe 19 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo lakini anasema ni vumbi tu. Mdogo wangu ameng'oa jino la tatu na hakulimeza. Baba naye yuko salama. Amepata kazi ya kutengeneza meza arobaini za shule, na karakana imejaa miguu ya meza mpaka mlangoni. Naandika habari zake ingawa hukumuulizia.

Kamera imefika bila mkwaruzo. Bosi wangu aliigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya, kisha akasema, "Ndogo, lakini ina jicho." Wateja wanamwita Mzee Kidevu, kwa sababu tangu asubuhi mpaka jioni wimbo wake ni mmoja: "Kidevu juu. Kidevu chini. Hapo hapo." Studio yenyewe ni chumba kimoja. Kuna kitambaa cheupe ukutani, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena, taa mbili, na kioo kidogo cha wateja kujitengeneza. Mimi nakata picha za pasipoti na kuwaambia watu masikio yaonekane. Wiki ya kwanza nilikuwa naliambia zulia, macho chini.

Nimepiga picha ishirini na moja, na maelezo ya kila moja yamo kwenye karatasi niliyoambatanisha. Ya kwanza hadi ya tano ni za nje, juani. Ya sita ni kopo la gundi la baba, kwa ajili ya maandishi madogo. Ya kumi na mbili ni mdogo wangu akikimbia, na miguu yake imetoka na ukungu kwa sababu nilichelewa kubonyeza, si kosa la kamera. Betri inakaa siku tatu. Kitufe cha kuvuta kitu karibu ni kigumu kidogo.

Mimi naona kamera ni nzima.

Wako,
Kimya

*

Tarehe 2 Aprili

Mpendwa Kimya,

Marahaba. Picha zimefika. Nilizipanga kitandani, nikavaa miwani, nikazikagua kama nilivyokuwa nakagua mashuka. Rangi safi. Kwenye kopo la gundi nasoma mpaka lile onyo la kutokunywa.

Lakini mwanangu, nimehesabu migongo kumi na minne! Mgongo wa mama yako akiosha vyombo. Mgongo wa huyo Mzee Kidevu wako. Mgongo wa mteja. Mgongo wa mdogo wako. Hata paka umempiga anaondoka zake! Siendi ng'ambo kupiga migongo ya watu. Nitarudi niwaonyeshe wenzangu nini, makoti?

Nataka nyuso. Usinipe sababu, najua sababu, unaona haya kuomba. Basi kama kuomba kunakushinda, jipige mwenyewe. Kaa karibu na dirisha, geuka kushoto kidogo, mwanga uingie upande mmoja wa shavu. Uso wako ndio nitakaoutumia kuipima.

Nimeanza kununua vitu vya safari. Viatu vya kutembelea, jozi mbili. Mmoja wetu, aliyekuwa wodi ya wazazi, amenunua kofia kubwa kama mwavuli. Tutapotea sote chini yake.

Shangazi yako

*

Tarehe 21 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai magoti yametulia. Mama amepona kikohozi. Meza ishirini na sita zimeshaondoka.

Nimepiga nyuso kama ulivyotaka. Ya ishirini na mbili ni mama; alicheka akaziba mdomo, lakini macho yametoka vizuri. Ya ishirini na tatu na ishirini na nne ni mdogo wangu, na mapengo yake yote yanaonekana. Baba alikataa. Aliuliza, "Hiyo kamera ya nani?" Nikasema ya kazini. Nimemdanganya baba kwa ajili yako, Shangazi, na bado inaniuma.

Mimi mwenyewe sikujipiga. Nisamehe. Nikiona lenzi inanitazama nasahau jinsi ya kuweka mdomo.

Ya ishirini na sita hukuniagiza, lakini ulisema nijaribu mwanga hafifu, na nyumbani hakuna mahali penye mwanga hafifu kuliko ukuta wa sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Unaijua hiyo fremu. Baba aliitengeneza mwenyewe, na kona zake zimeshikana bila msumari hata mmoja. Miaka minne iliyopita uliishusha, ukaifungua nyuma, ukatoa picha ya bibi. Ulisema unakwenda kuitolea nakala mbili na utairudisha baada ya wiki mbili. Ilikuwa picha yake pekee. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na ndiye niliyekushikia kioo kisivunjike. Baba aliporudi kutoka karakana akauliza nani amekufungulia fremu, nilinyamaza. Mpaka leo hajui.

Fremu bado iko pale pale, tupu. Kila Jumapili baba anapanda kwenye kigoda anapangusa kioo kisicho na kitu nyuma yake. Jirani yetu fundi viatu alimuuliza, "Jamani, mnamngoja nani humo?" Baba hakucheka.

Sijawahi kukuuliza, kwa sababu ulipokuja nilikuwa mdogo, na baada ya pale hukuja tena. Sasa nauliza. Picha ya bibi iko wapi, Shangazi?

Wako,
Kimya

*

Tarehe 30 Mei

Kimya,

Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na mambo ya viza na chanjo, na mwenye kofia aliumwa tukawa tunapokezana kumwangalia hospitali. Msalimie mama yako. Nyuso zimetoka vizuri, na mapengo ya mdogo wako nimeyaweka kwenye mlango wa friji.

Ile ya ishirini na sita usiichape tena, wala usimwonyeshe mtu. Umeonekana kwenye kioo. Nadhani hukujua. Umetokea katikati ya fremu, kamera ikiwa imeshuka kifuani, uso wote.

Nataka jaribio moja la mwisho. Vaa kitambaa cheupe cha kichwa, kifunge kwa nyuma. Vaa gauni lenye kola. Kaa kwenye kiti, geuka kushoto, mikono magotini, usicheke. Mzee Kidevu akupige kwa kamera yangu, aichape bila rangi, nyeusi na nyeupe. Vipimo ni sentimita ishirini kwa ishirini na tano. Nitumie hiyo picha pamoja na kamera kabla mwezi wa sita haujaisha.

Usimweleze baba yako.

Shangazi

*

Tarehe 9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Tuko wazima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta jibu la swali langu. Kuna viza, kuna chanjo, kuna kofia. Jibu halimo.

Kisha nikasoma tena hayo maagizo. Kitambaa cheupe, kola, kushoto, mikono magotini. Nilipima fremu kwa futi ya baba. Ni ishirini kwa ishirini na tano. Na hivyo ndivyo alivyokaa bibi, Shangazi! Mimi nilimtazama kila siku kwa miaka kumi na minne nikila uji chini yake. Unadhani nimesahau alivyokaa?

Sijui unataka kunifanyia nini na sijui kwa nini nisimweleze baba. Ninachojua ni kwamba ulichukua picha yake, ukanifanya nikushikie kioo, ukanyamaza miaka minne, na sasa unanipangia namna ya kukaa. Wewe unakwenda kupanda ndege uone madaraja ya ng'ambo, lakini kufika kwetu ni saa sita tu za barabara na hujafika.

Mtu anayenijua akisoma barua hii hataamini ni mimi. Lakini naandika hivi: kamera sirudishi. Leta picha ya bibi, uchukue kamera yako.

Kimya

*

Tarehe 15 Juni

Wewe mtoto!

Aliyekupa jina la Kimya alikosea sana. Nani amekufundisha kumwandikia shangazi yako hivyo? Maneno haya si yako, ni ya baba yako, nayajua hata harufu yake. Amekaa pembeni anakusomea nawe unaandika?

Kamera ni yangu. Nimeinunua kwa jasho la miaka thelathini na mbili ya kubadilisha mashuka ya wagonjwa. Nilikutumia kwa sababu nilikuamini. Nikitaka naweza kununua nyingine kesho, lakini sitanunua, kwa sababu sitafukuzwa kwenye mali yangu na msichana aliyemaliza shule juzi.

Baba yako aliniita mwizi. Kwenye simu, spika imewashwa, ukoo mzima umekaa unasikiliza. "Mwizi wa mama," hivyo ndivyo alivyosema. Mimi ndiye niliyemuuguza huyo mama mpaka pumzi ya mwisho. Hilo hakukusimulia, au siyo?

Nipe kamera yangu.

Shangazi yako

*

Tarehe 24 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Baba hakunisomea chochote. Baba hajui hata kwamba tunaandikiana. Kamera iko studio, kwenye droo ya kisu cha kukatia, na ufunguo ninao mimi. Mzee Kidevu aliniuliza kwa nini naifungia. Nilimwambia ni ya mtu anayedaiwa jibu. Akasema, "Basi ifunge mara mbili."

Kweli, ulimuuguza bibi. Baba mwenyewe huwasimulia watu, hata sasa, na hapo anapolisimulia hilo anakasirika zaidi.

Sijaandika neno lingine kwa sababu sina. Picha iko wapi?

Kimya

*

Tarehe 12 Julai

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Marahaba pia ya barua iliyopita, ambayo sikuitikia kwa hasira.

Salamu nyingine sina. Nitasema moja kwa moja, maana nikizunguka nitaghairi.

Siku ile nilipofika kwangu niliitazama picha ya mama mchana kweupe. Ilikuwa na ukungu shavuni, madoa ya kijivu, nadhani kwa sababu ya unyevu wa ukuta ule. Nikasema siwezi kumpeleka mama yangu kwa mpiga picha akiwa na uso mchafu. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikachukua pamba, nikatia spiriti. Nilipangusa shavu mara moja, taratibu, kama unavyompangusa mtoto kabla ya sindano. Doa likatoka. Nikafurahi. Nikapangusa tena. Nilipoinua mkono, jicho moja halikuwepo.

Na hapo, badala ya kuacha, nikajaribu kusawazisha.

Uso wote ulitoka na pamba. Ile pamba ninayo. Nimeiweka kwenye kichupa cha vipimo, imekuwa na rangi ya kahawia. Nimeshindwa kuitupa.

Nilipanga kumwambia kaka yangu siku ya pili. Nikasema ya tatu. Wiki mbili zikapita, ndipo akapiga simu akaniita mwizi. Utashangaa, mwanangu, nilipata nafuu. Mwizi ana kitu cha kurudisha. Nikaona afadhali anichukie kwa hilo.

Kisha ukaniletea hiyo picha ya ishirini na sita. Nilipoitoa kwenye bahasha nilikaa chini. Mama yangu alikuwa amerudi kwenye fremu yake. Nilijua ni wewe, mimi si mgonjwa wa akili, lakini nilijua pia kwamba macho ya baba yako si yale ya zamani, na kwamba ukivaa kitambaa hatatofautisha. Nilitaka kumrudishia kitu kabla sijapanda ndege. Ndege zinaanguka.

Sasa umejua. Nisitiri, mwanangu.

Shangazi yako

*

Tarehe 21 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea stoo, nimesimama katikati ya maboksi ya karatasi. Nilitoka nikamwambia mteja "Kidevu juu" kwa sauti kubwa hata mtoto wake akaanza kulia.

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata mahali pa kuweka mkoba, Mzee Kidevu alinipa brashi ya manyoya. Akasema, "Picha ya zamani usiiguse kwa kitu chenye maji. Brashi kavu tu. Ikikataa kutakata, iache chafu." Kulikuwa na studio ngapi huko kwenu, Shangazi? Ungemuuliza mtu mmoja! Lakini wewe huulizi, wewe unaagiza. Ulimpangusa kwa sababu ulikuwa na hakika.

Hata hivyo hilo si kubwa. Ulikosea, na naona ulivyoumia. Kubwa ni hili la pili. Ulitaka baba apande kigoda kila Jumapili ampanguse mama yake, kumbe ananipangusa mimi. Ulitaka nile chakula chini ya uso wangu mwenyewe na ninyamaze, mimi Kimya, si ndiyo kazi yangu! Uliniomba nyuso tangu mwezi wa nne, ukasema ni za kupima kamera.

Watu wamenifananisha na bibi tangu nizaliwe. Nilipenda. Nilikuwa nasimama chini ya picha nikigeuka kushoto nione kama ni kweli. Lakini alikuwa na uso wake, na mimi nina wangu, na wangu siuweki pale ili wewe usafiri ukiwa mwepesi.

Unaniambia nikusitiri. Nimekusitiri miaka minne kwa kile kioo bila hata kujua nasitiri nini. Inatosha.

Tuma hiyo picha ilivyo. Hata kama imebaki kola tu. Na uandike barua kwa baba, kwa mkono wako, yenye neno spiriti ndani yake. Mimi sitamwambia kwa niaba yako. Nitampa tu, nisimame pale.

Kimya

*

Tarehe 2 Agosti

Kimya,

Imo humu. Nimeifunga katikati ya kadibodi mbili kwa plasta ya wodini, hivyo ukiifungua tumia mkasi, usivute.

Barua ya kaka yangu nimeiandika mara tisa. Iliyomo ni fupi kuliko zote. Neno ulilotaka limo.

Pamba nimebaki nayo. Sikuweza.

Ndege ni tarehe ishirini. Kamera ifanye utakavyo.

Shangazi

*

Tarehe 11 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mdogo wangu ameota meno mawili mapya, makubwa kama ya mtu mwingine. Meza zote arobaini zingekuwa zimekwisha, lakini moja imevunjika mguu, na nitakueleza kwa nini.

Kifurushi kilifika Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa karakanani anapiga randa mguu wa meza. Nilimpa barua yako kwanza. Aliisoma amesimama, penseli ikiwa bado sikioni. Akaisoma tena.

"Spiriti?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Spiriti!" Akautupa ule mguu wa meza chini, ukapasuka katikati. "Miaka minne namwita mwizi mbele ya watu. Miaka minne! Alishindwa nini kusema?"

"Ungemsamehe?" nilimuuliza. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Hapana." Akafikiri kidogo. "Lakini ningemkasirikia kwa kosa lililo lake."

Nikaona nikisubiri nitaanza kupanga maneno kama wewe ulivyopanga siku ya pili na ya tatu. Nikamwambia hapo hapo kwamba ni mimi niliyekushikia kioo.

"Wewe?"

"Nilikuwa na miaka kumi na minne, baba."

"Na ulipofika kumi na mitano? Kumi na sita? Kumi na minane je?"

Hakusema nami Jumamosi yote, wala Jumapili mchana. Nakuandikia hili ulijue, kwamba hasira yake tumegawana. Yako peke yako isingetosha kuvunja mbao ngumu kama ile.

Jumapili jioni jua likiwa bado linaingia dirishani, aliniita sebuleni. Alikuwa amekata plasta ya kadibodi zako kwa mkasi, kama ulivyosema. Nilikuwa naogopa kuitazama. Mahali pa uso pameachwa peupe, kama mtu aliyepumulia kioo. Kitambaa kipo. Kola ipo. Mikono ipo magotini, kila mshipa.

Baba aliisogeza karibu sana na macho. Kweli macho yake si ya zamani, katika hilo hukukosea. Kisha akaweka ukucha juu ya mkono wa kulia wa bibi.

"Unaona kidole hiki? Cha pete. Kimepinda."

Sikuwahi kukiona. Miaka kumi na minne chini ya picha ile, nilikuwa natazama uso tu.

"Kilibanwa na mlango," alisema. "Mlango wa kwanza niliotengeneza maishani. Niliupima vibaya, ulikuwa unajifunga wenyewe. Alifungwa bandeji mwezi mzima, na kila aliyemuuliza aliambiwa alianguka." Akaondoa ukucha. "Uso wake ninao kichwani. Kidole hiki nilikuwa nimekisahau."

Ameirudisha kwenye fremu. Fundi viatu alikuja kuazima nyundo, akaitazama weee, akasema, "Mbona huyu hana uso?" Baba akamjibu bila kugeuka, "Alioshwa na binti yake. Ni muuguzi." Nilicheka mpaka nikatoka nje. Baba hakucheka.

Usidhani amekusamehe. Jana alitengeneza kikasha cha mbao cha kubebea kamera yako, chenye kitambaa laini ndani, kinaingia kama kimezaliwa nayo. Lakini amekipigilia misumari mingi kuliko inavyohitajika, na kila msumari aliupiga kama anamjibu mtu. Nilimuuliza kama ana salamu zozote kwako. Alipitisha kidole kwenye kona moja ya kikasha. Kisha akasema, "Mwambie kikasha kisikae juani, kitapinda." Hizo ndizo salamu.

Kamera imo. Matokeo ya majaribio ni haya: ni nzima, na haifichi kitu. Kitufe cha kuvuta kimelainika. Picha ni arobaini na moja. Ya arobaini na moja nilipigwa na Mzee Kidevu studio, juzi asubuhi, kabla ya wateja. Sina kitambaa kichwani, sijageuka kushoto, na nilikuwa bado na hasira na wewe. Aliniambia, "Kidevu chini, unatisha," nikakataa kukishusha. Nimeichapa ndogo kwa makusudi, isienee fremu ya mtu yeyote. Ni yako. Iweke kwenye pochi.

Huko uendako jaribu kupiga nyuso, usipige migongo. Omba tu, nimejifunza kwamba watu wengi wanakubali. Na ukirudi, utuletee ile pamba mwenyewe, kwa mkono wako. Kuja kwetu hakuhitaji pasipoti, na ukicheka hatukukatai.

Wako,
Kimya